Lumbesa

Ambokile ana mtihani wa jiografia Jumatatu.
Amekalia ndoo iliyopinduliwa,
taa ya sola inaning'inia kwenye msumari wa kalenda.
Anasoma kwa Kiingereza, ananitafsiria kwa Kiswahili,
nami najijibu kimoyomoyo kwa Kimalila.

Jedwali, anasema. Nchi za dunia zimepangwa foleni
kama sisi siku ya mbolea ya ruzuku:
Uswisi kule mbele, karibu na meza ya karani,
sisi huku nyuma, tunaulizana kama itatufikia.
Kuna safu imeandikwa "kwa kila kichwa".
Nikamwambia, hiyo isome tena, polepole.

Akasoma. Akaigeuza tarakimu kuwa shilingi.
Nikahesabu vichwa: changu, chake, cha Sekela, cha Lusajo,
cha baba yao aliyeko Kitwe,
kama bado anakihesabu hapa.
Vitano. Nikazidisha kwa kijiti kwenye majivu.
Fedha hiyo sijawahi kuiona.
Nani huwa anatia sahihi kwa niaba yangu?

"Ni wastani, mama."

Wastani.
Yaani Mwashitete akinunua Fuso
kila nyumba ya Isuto imepata tairi.
Akacheka mpaka ndoo ikalia.

Na huko Norwei viazi wanapimaje?
Kwa kilo, nadhani.
Japani je, mnunuzi anakuja na kamba yake?
Hakujua. Kitabu hakisemi.

Juzi dalali alisimama pale, mlangoni pa ghala,
sakitu bado nyeupe majanini.
Akajaza gunia likafika mdomoni,
gunia la watu wote, lile la kisheria.
Kisha akaanza kujenga:
kiazi juu ya kiazi, kamba ya katani ikizunguka,
anavuta kwa goti, anatema mate, anavuta,
hadi gunia likaota kichwa cha pili
na kumpita Lusajo kwa kimo.
Bei ni ya gunia, akasema. Kilemba hakina bei.
Na lori lilikuwa linanguruma.

Swali la sita:
Linganisha uchumi wa nchi mbili ulizosoma. Alama kumi.

Andika, mwanangu. Nchi ya kwanza
inaishia kwenye mdomo wa gunia.
Ina jembe, ina mkopo wa dawa ya ukungu,
ina mgongo wangu saa kumi na moja alfajiri.
Nchi ya pili inaanzia hapo kwenda juu.
Haijui mvua, haijui palizi,
hapa Isuto haina hata bei,
lakini ikivuka Uyole inapata bei,
ikishushwa Dar inapata mbili,
ikipita Tunduma inaanza kusema kwacha.
Mpaka wao ni uzi wa katani.
Hakuna anayegonga muhuri.

Akasimamisha kalamu. Akanitazama
kama mtu anayetaka kuandika kweli.

Hapana, nikamwambia. Weka Japani na Brazili.
Msahihishaji hajawahi kushona gunia,
na alama kumi ni alama kumi.

Nikarudi kwenye fungu la mbegu,
kuchambua vile vidogo, vya ukubwa wa yai,
anavyoviacha dalali sakafuni
kwa sababu havishiki kwenye kamba.