Akiba ya Pindo

Saa tano usiku wamegonga tena.
Kijana wa itifaki, tai imepinda,
koti linanuka moshi wa machozi toka uwanjani,
na katika mfuko wa duka la mikate,
umekunjwa kama soksi, mshipi wa rais,
ule wa kupita begani.

"Mama Zenobia, upunguze. Huyu ni mwembamba."
"Kwa kesho?"
"Kwa saa nane hii. Bunge halijalala."

Lima imefunikwa na ukungu, taa ya cherehani inakohoa.
Huu mshipi naujua kuliko mawakili:
hapa kwenye bitana pana jasho la yule aliyelia akiapa,
hapa doa la kahawa la yule wa siku tisa,
na hapa, pembeni mwa ngao, uzi mwekundu
nilioutia damu yangu kwa sindano, bila kukusudia.

Redioni wanahesabu kura.
Wakili wa kwanza: kifungu kinaruhusu.
Wakili wa pili: kifungu hicho kiliandikwa
kwa ajili ya mwendawazimu,
si kwa mtu mliyemchoka.
Tangazo la sabuni. Kisha hesabu tena.

Nami nafumua.

Adhuhuri alisoma karatasi iliyotetemeka,
akalifunga Bunge kwa mdomo, mbele ya kamera.
Alfajiri wao watamfunga yeye.
Mmoja kavunja mlango, wengine wanapita dirishani,
na kila mmoja anapiga kelele: mwizi!

Simu. Kaka yangu Fortunato, kule juu milimani.
"Kura yangu niliibeba kwa miguu saa sita,
mto umejaa. Wao wameifuta kwa dakika ngapi?"
"Yeye ndiye aliyeanza kuifuta, Fortunato."
Kimya. Mbwa wake anabweka, upepo unapuliza kwenye simu.
"Basi sina rais, sina Bunge.
Nina goti lililovimba."
Akakata.

Nilitaka kumwambia kitu kuhusu pindo.
Kwamba fundi hakati kitambaa kinachozidi,
hukificha ndani, maana miili hubadilika,
na aliyenenepa leo kesho atakonda.
Lakini jambo hilo linahusu nguo.
Goti lake sijui nilishone vipi.

Saa saba na nusu. Kifua sentimita tisini na mbili.
Nimepiga pasi, ngao imekaa juu ya moyo
wa mtu nisiyemjua sura.

Kijana anatoa noti, anadai risiti.
"Niandike jina la nani?"
Anaitazama redio. Bado wamefika herufi ya M.
"Andika Taifa."
Ameshika kitasa, ukungu umeshaingia,
akageuka:
"Hapana, mama. Samahani.
Acha kwanza."