Adabu ya Jiwe

Kwetu Galway maji hupita katikati ya mawe ya chokaa
kabla ya kufika bombani.
Birika la mama lilifuga ukoko tangu sijazaliwa;
ukiligonga, lililia kama chungu chenye ufa,
na chai tuliinywa na vumbi lake jeupe.

Kisha jiwe likahamia kwa baba.
Festy, mpasua chaza, viganja vyote makovu ya kisu,
alijikunja kwenye sakafu ya bafu usiku wa Jumanne
akimwita kila mtakatifu aliyemkumbuka.
Daktari alituonyesha kitu chenyewe ndani ya kichupa:
kidogo kuliko punje ya mtama, miiba pande zote.
"Hiki tu?" baba akauliza, kwa aibu.

Nina miaka kumi na moja na swali lake.

Chini ya hadubini, tone likikauka,
fuwele huota kama mji usio na diwani:
ukuta unazaa ukuta,
hakuna anayeuliza njia itapita wapi.
Lakini chaza, asiye na ubongo wala kalamu,
huyachukua madini hayohayo ya birika
akayalaza tabaka juu ya tabaka, nyororo,
hata akafika mahali akasema: basi.

Hiyo basi yake ndiyo ninayoiiba.
Kombe lake lina nyuzi za protini
zinazoishika kalsiamu mkono na kuichelewesha.
Nami nimesuka polima kwa kuziigiza,
mnyororo mfupi, fundi wake mwanagenzi.

Jaribio la arobaini lilinipa uji.
La sitini na mbili, Oisín alisahau kuzima jiko,
tukapata mchanga.
Jana: viduara, vidogo, bila mwiba hata mmoja.
Hatukushangilia. Oisín alivuta kiti,
akatazama, akapangusa lenzi, akatazama tena.

Si dawa. Figo si kichupa,
na jiwe la baba ni binamu tu wa hili.
Hata hivyo nilimpelekea picha.
Alivaa miwani, akaigeuza juu chini.
"Miaka hamsini nawafungua kwa nguvu," akasema,
"kumbe ningewauliza."

Nikainjika birika.
Likaanza kunguruma, na ndani yake ukoko,
ambao hakuna aliyeufunza,
ukanenepa kwa unene wa unywele.