Ukwaju wa Bure

Ijumaa usiku, filimbi ya mwisho ikishalia,
wanamwagika kutoka uwanja wa chuo, hapa Tudor,
sauti zimewakauka kana kwamba wao ndio waliocheza,
na moja kwa moja hadi kwenye karai langu.
Viazi vya hamsini. Vya mia.
Ukwaju ni bure, tangu siku ya kwanza ukwaju ni bure,
na nimeona ndio unaowalegeza ndimi.

Huanza Twalib, fundi wa mafriji,
ambaye mpira hajaushika ila siku ulipomgonga:
"Tumefungwa sabini na mbili kwa hamsini na nane
kwa ugonjwa mmoja tu: pointi tatu!
Kila mtu yuwarusha kutoka mbali
kama afukuzaye kunguru.
Na Mwadime, futi sita na inchi saba,
mumemsimamisha chini ya pete
kama nguzo ya stima isiyo na waya."

Nyiro, karani wa bandari, hakubali.
Nyiro ana daftari.
"Mara kumi na tisa alipewa mpira,
mara kumi na moja akawapa wenyewe.
Mikono ile imepakwa samli.
Dawa ni mbio. Nyaka, toa, kimbia,
wasipate hata nafasi ya kugeuka."

"Kimbia na mapafu ya nani?" Zamzam wa maktaba.
"Robo ya nne walikuwa wakirudi kuzuia
kama wanaosindikiza bibi harusi."

Hapo ndipo hufika kwenye kidonda:
Badi, yule kijana wa Mtopanga,
aliyeudunda mpira vumbini
mpaka ukamtii kama mbuzi wa kufugwa.
Kocha wetu alikwenda kwao mara tatu,
akala mahamri, akasifu mbaazi,
akaahidi nusu ya karo na kitanda bwenini.
Chuo cha Nairobi kilituma mtu mmoja, mara moja,
na karo nzima, na kompyuta, na jozi mbili za viatu.

"Na badala yake tumeleta nani?" Twalib auliza.
"Mrefu wa Kinango,
kocha alimkuta akipaka dari rangi bila ngazi!"
Wanacheka. Hata mimi nacheka, nageuza viazi.
"Mpeni miaka miwili," asema Zamzam.
"Urefu haufundishwi. Mengine yote hufundishwa."

Mimi huwa nangoja.
Msimu mzima nangoja, upawa mkononi,
wakiwapitisha vidoleni mmoja mmoja kama tasbihi:
wanaanza na tisa, wanarukia ishirini na mbili,
wanamlaani sita, wanamsamehe sita.
Kumi na nne hawamfikii.
Kumi na nne amecheza dakika nne tangu Januari.
Fulana yake naifua mimi, Jumamosi asubuhi.
Haina jasho la kutoa.
Naitia buluu vivyo hivyo.

Leo alasiri aliingia jikoni nikichekecha unga,
akachora kwa kidole humo humo kwenye sinia:
vitone vitano, mshale mmoja.
"Tazama, mama. Sita akikata huku,
mlinzi wao atamfuata, hana budi,
na Mwadime atabaki peke yake.
Hakuna haja ya kurusha mbali. Hakuna haja ya mbio."
"Umemwambia kocha?"
Akapandisha mabega.
Nikamwaga maji, nikakoroga.

Ndio huo unga wanaoutafuna sasa.

Twalib, mdomo umejaa:
"Halafu kuna yule wa benchi. Kumi na nne.
Yule yuwapiga makofi vizuri, wallahi."
Wakacheka, si kwa ubaya.
Nyiro akapekua daftari, mbele, nyuma.
"Huyo sina chake chochote," akasema, akalifunga.

Nikapangusa mikono kwenye leso.
"Twalib, mia na kumi."
"Mia na kumi? Si nimekula vya mia?"
"Viazi ni mia," nikamwambia.
"Kumi ni ya ukwaju."