Hatua Thelathini na Moja

Valdivia mvua hainyeshi, inakaa,
kama mgeni aliyekwisha vua viatu.
Nasi tunakaa ndani ya gari, mimi na Rayén,
vioo vimeingia ukungu wa pumzi zetu,
mbele ya duka la mikate la Bi Herminda.
Kutoka mlango wa gari hadi mlango wa duka
ni hatua thelathini na moja. Nilizihesabu
alfajiri moja, peke yangu, kabla hawajafungua,
kama mwizi anayepima ukuta.

Mara ya kwanza sikujua.
Ilikuwa Machi, shule zinafunguliwa.
Langoni vidole vyake viligeuka barafu,
akasema, "Baba, nakufa,"
nami nikampa neno nililopewa na baba yangu,
neno fupi, la kurushwa kama jiwe:
Jikaze.
Akajikaza.
Alijikaza mpaka magoti yakamtoka,
na wenzake wakamzunguka kama watu wakwepao dimbwi.

Daktari, kijana mwenye soksi zisizofanana,
aliniambia moyo wa binti yangu ni mzima.
Kilichoharibika ni king'ora:
kinalia moto pasipo moshi.
"Usimwambie hakuna moto," alisema.
"Masikioni mwake kengele inalia kwelikweli."

Mimi ni fundi wa lifti.
Miaka kumi na tisa nimesema na watu waliokwama
kati ya orofa ya tatu na ya nne,
kupitia tundu la spika lisilozidi sarafu:
Naitwa Leandro. Niko juu yako. Hewa inatosha.
Niambie umevaa nini. Siondoki.
Sijapata kumwambia yeyote kule gizani, Jikaze.
Wageni niliwapa upole,
damu yangu nikaipa jiwe.

Usiku ule nilikaa jikoni na tochi ya kazi,
naiwasha, naizima.

Dada yangu Ximena anasema ni haya tu, za umri.
Mpelekeni harusini, acheza, atapona.
Namsikiliza, namwongezea chai.

Sasa kila Jumamosi tunakuja hapa.
Wiki mbili za kwanza hatukushuka.
Ya tatu alifungua mlango, akatoa mguu mmoja,
mguu ukalowa, akaurudisha ndani
kama mtu aliyejaribu maji ya kuoga.
Na mapenzi yangu, ninayaona, yana haraka:
yananivuta nishuke, ninunue mimi, tuondoke.
Mkono wangu uko juu ya kitasa.
Nauondoa. Unarudi. Naukalia.

"Umevaa nini?" namuuliza.
"Baba, si unaniona."
"Niambie."
"Koti la kijani. Kifungo kimoja hakipo."
"Na nini tena?"
"Viatu vyako. Vyangu havijakauka."

Anashuka.
Nahesabu kwa midomo, bila sauti.
Saba. Kumi na mbili.
Mtu mwenye mwavuli anatoka dukani, anamsalimu,
na salamu ile, jambo jepesi hivyo,
inamgonga kifuani.
Kumi na tisa. Anasimama.
Mkono uko kooni, mabega yanapanda,
mvua inamwingia kolani, naye haioni.
Sipigi honi. Sishuki.
Nawasha taa za gari, basi,
ajue niko juu yake.

Anarudi bila mkate.
Meno yanagongana. Tunasubiri yatulie.
"Kumi na tisa," anasema. "Juzi zilifika ishirini na nne."
"Lifti nayo hushuka."
Haicheki hiyo. Nami sioni sababu ya kucheka.

Tutakula mkate wa jana, tutauchoma, una siagi.
Kwenye taa za barabarani ananiuliza:
"Wale waliokwama, mlango ukifunguka, hufanya nini?"
"Wengine hulia. Mmoja aliniomba kiberiti.
Wengi hupanda ngazi mwezi mzima."
"Halafu?"
Taa zimekuwa kijani. Nyuma yetu mtu anapiga honi.
"Halafu siku moja," namwambia,
"wana mizigo."