Nakala Tatu-Tatu

Umeme ukirudi Kadutu, naanza na karatasi za wauguzi.
Huu ndio msimu wao. Wanateremka ngazi za udongo
bahasha wamezifunga ndani ya plastiki,
maana mvua ya Bukavu haiheshimu muhuri.

Nsimire alikuja na bahasha mbili.
"Ya Mugisho, unitoleye tatu-tatu,"
akazipanga juu ya kioo cha mashine
kama anayepanga mafungu ya sambaza.

Huku, shule ya serikali, ile ya kilimani:
asilimia sitini, ama ukae mtihani.
Kule Goma, ya serikali vilevile:
hamsini na tano zinatosha,
ila kwanza mwaka mzima wa maandalizi,
na chumba cha kupanga, na makaa,
na nani atamchotea mama maji.

Yeye ana hamsini na nane.
Nazijua hizo hamsini na nane. Zilipoingia kwenye simu ya jirani
mtaa mzima ulimmwagia poda kichwani
hadi nyusi zikawa za bibi kizee.
Poda haiulizi asilimia.

Buletini za mwaka wa tano na wa sita.
Picha nne, masikio yote mawili yaonekane.
Cheti cha daktari, kwamba anayetaka kuponya ni mzima.
Cheti cha mwenendo mwema, sahihi ya mkubwa wa mtaa
ambaye hakuwahi kumjua
hadi alipomwona ameshika franka.
Cheti cha kuzaliwa.

Hapo nikasimamisha mashine.
Karani wa komini, miaka ile, aliandika *Simire*.
Herufi moja ilianguka njiani. Labda wino ulikuwa haba,
labda ilikuwa saa sita na mtu ana njaa.
"Hii N," nikamwambia, "itakurudisha nyumbani."

Hakulia. Alihesabu.
Kwenda komini, kusahihisha, kurudi,
na mwisho wa kupokea faili ni Ijumaa.
Zilizobaki mkononi ni pesa za bahasha moja.

Mama yake namfahamu. Hubeba mihogo kutoka ziwani hadi sokoni,
kamba imemchorea mfereji kwenye paji la uso.
Nyumbani kwao bei zote huhesabiwa kwa magunia.
"Huku ni magunia kumi na tisa," Nsimire akasema.
"Goma ni magunia sijui hata kuyahesabu."
Kisha: "Wewe ungechagua wapi?"

Nikajifanya naongeza wino.
Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa na hamsini na tisa.
Nilikuja kutoa nakala kwenye kibanda hiki hiki,
nikasoma *sitini*, sikusoma neno lililofuata,
lile *ama*.
Mwenye kibanda alitaka mtu wa kumshikia mashine siku mbili.
Ndizo hizi.

"Chagua pale unapoweza kulala na njaa
na asubuhi ukaamka kusoma," nikasema,
na nikajisikia mjinga, kama redio.
Yeye akacheka. "Njaa ya kwetu nimeizoea."
Bahasha ya Goma akaitia chini kabisa ya mfuko.
"Nitakaa mtihani. Nikianguka, Goma haihami.
Hata volkano imejaribu."

Akapanda ngazi kwenda kuitafuta N yake
kabla komini haijafunga,
plastiki kichwani, viatu mkononi.

Juu ya kioo aliacha karatasi moja,
orodha ya masharti. Ningemwita, bado alikuwa karibu.
Nilibonyeza kwanza. Nakala moja, si tatu.
Nikaisoma kwa ule mwanga wa kijani unaopita chini,
mstari kwa mstari, na *ama* zake zote,
nikarudia tena kutoka juu.

Umri hawakuuandika.