Stakabadhi ya Hakimu Nandonde

Asubuhi diwani, mchana hakimu,
koti lile lile, kola imekolea jasho.
Sokoni Newala aliapa: maji yatapanda
kutoka Kitangari hadi mlangoni kwenu.
Tukapiga vigelegele, madebe yakiwa matupu.

Mwaka wa nne akaletwa Binti Mkwanda,
kaiba debe moja kwenye tangi la boma.
Sheria ilikuwa wazi. Nami, karani, nikachovya kalamu.
Akauliza, "Kushuka bondeni ni hatua ngapi?"
"Sikuhesabu, bwana. Nilikuwa na mimba."

Faini: shilingi sita.
Akatia mkono mfukoni, akailipa,
akataka stakabadhi iandikwe jina lake.

Hakugombea tena.
Bomba lilifika yeye yu kaburini;
siku ya kwanza lilitapika kutu tu.

Nakala ninayo.
Herufi zinatetemeka. Mkono ni wangu.