Ganda Nene

Huku Micheweni ukichimba shimo la tungule
jembe linalia ngo! kabla hujavuta pumzi ya pili.
Udongo wetu wa kuazima,
umelala juu ya jiwe kama unga kwenye ungo;
masika yakipiga, hupepetwa.

Na pembeni mwa jiko mama mkwe wangu, Bi Mize,
anamenya muhogo.
Macho yalishamkimbia,
kisu kinatafuta njia kwa kidole gumba,
na ganda laanguka nene, na nyama yake,
nene hata mbuzi wa Shaame walizijua saa zake.

Nilisema. Sifichi, nilisema:
"Mama, nusu ya muhogo unampa mbuzi."
Naye: "Hata mbuzi ana mdomo."
Akaendelea kumenya.

Mwaka ule bilingani zilitoka kadiri ya ndimu,
nikaona haya kuzipeleka sokoni.
Baina ya majabali mawili pana pango kama beseni.
Humo nikatia maganda yake:
ya muhogo, ya mkono wa tembo, ya shelisheli lenye utomvu,
ya vitunguu, mepesi, yakipeperuka hadi kwa jirani.
Majivu kidogo. Juu, kuti bovu.

Arusi ya kwa Faki, wenzangu wanagawana ukoko wa pilau,
mimi naomba maganda.
Magunia matatu.
Bi Riziki alicheka mpaka mwiko ukamponyoka:
"Jamani, mtoto wa watu kaolewa na jaa!"

Akiba haiozi, wamesema wenyewe.
Yangu ilioza. Ilioza vizuri, usiku na mchana,
ikafuka moshi alfajiri, ikanuka, ikanyamaza,
ikabaki na harufu ile ya msitu wa Ngezi
mvua inapokatika.

Nikamshika mkono Bi Mize, nikautia pangoni.
Akafinya. Akanusa.
"Huu wa wapi?"
"Wako, mama. Maganda yako."
Akacheka kwa meno yake matatu:
"Kumbe siku zote hizi sikuwa naharibu."

Alikwenda zake Mfunguo Tatu, usiku wa kuamkia Ijumaa.
Hitima ikasomwa, masufuria yakaoshwa.
Kando ya figa nikalikuta bakuli lake,
maganda ya mwisho yamejikunja kama masikio.
Siku mbili nikalipita.
Ya tatu nikayatia pangoni, nikafunika kuti.

Sasa pana tungule. Mkono unazama mpaka kifundo.
Na mtango umeota, hakuna aliyeupanda,
umetambaa juu ya jabali, umevuka ukuta kwa Bi Riziki,
naye anachuma bila kuuliza.
Achume.

Juzi Hadia, mwanangu wa pili, kanitazama nikimenya jimbi.
"Mama, kwani huoni? Ganda lote hilo?"

Kisu kikasimama.
Macho yangu mazima, yanatunga uzi gizani.

Nikamwambia: lete bakuli.